Daftari la majirani: kusoma na kurekebisha jedwali la ARP kwenye kompyuta yako



Hali hii wengi wetu tunaijua. Uko hosteli, iwe Kikoni, Wandegeya au kwingineko. Alama ya Wi-Fi imejaa, kompyuta inasema imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mwenzako mnayelala chumba kimoja anaendelea na kazi yake bila shida. Kazi ya kozi inatakiwa kuwasilishwa kabla ya saa sita usiku. Unazima kompyuta, unaiwasha, na mwisho unanunua data ya simu ili kuokoa alama zako.

Mara nyingi tatizo huwa kwa mtoa huduma, na hapo huna la kufanya. Lakini wenzako wakiwa wanapata mtandao na wewe peke yako hupati, ni vizuri kuangalia kwanza orodha fupi iliyo ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Orodha hiyo huitwa jedwali la ARP. Katika Linux huitwa pia jedwali la majirani, na jina hilo linaeleza kazi yake vizuri.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi. Nimeandika somo hili kwa sababu halihitaji shahada ya kompyuta. Linahitaji dirisha la amri, dakika chache, na kufuata mpangilio huu: soma, linganisha, futa, na ikibidi tu, andika kwa mkono.

1. Anwani mbili za kila kifaa

Kila kifaa kilicho kwenye mtandao wa hosteli kina anwani mbili.

Ya kwanza ni anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.23. Hii kwa kawaida hugawiwa na ruta unapojiunga, na inaweza kubadilika kesho.

Ya pili ni anwani ya MAC, ambayo ni ya kadi ya mtandao yenyewe. Ina biti 48, na huandikwa kwa tarakimu na herufi 12 zilizogawanywa wawili wawili, kwa mfano 00:00:5e:00:53:1a. Herufi zinazotumika ni a hadi f tu. Nusu ya kwanza kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji wa kadi. Simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iOS 14, hutumia anwani ya MAC ya kubuni kwenye kila mtandao ili kulinda faragha ya mwenye simu. Ukiona herufi au tarakimu ya pili kabisa ni 2, 6, a au e, ujue anwani hiyo haikutoka kiwandani.

Programu zako hutumia anwani ya IP. Lakini ndani ya chumba kimoja cha mtandao, yaani baina ya kompyuta yako na ruta, pakiti husafirishwa kwa anwani ya MAC. Basi kompyuta ikitaka kutuma kitu kwa 192.168.1.1, lazima kwanza ijue anwani ya MAC ya mwenye namba hiyo. Kazi ya kuitafuta ni ya ARP.

2. ARP inavyouliza na inavyojibiwa

ARP ni itifaki ya zamani. Ilielezwa na David C. Plummer katika hati ya RFC namba 826, Novemba 1982, na hadi leo ndiyo inayotumika kwenye mitandao ya IPv4. Utaratibu wake ni huu:

Kwanza, kompyuta yako hutangaza kwa wote: "Nani mwenye 192.168.1.1? Mimi ni 192.168.1.23, na anwani yangu ya MAC ni hii." Tangazo hilo hutumwa kwa anwani ff:ff:ff:ff:ff:ff, maana yake vifaa vyote vya mtandao huo vilisikie.

Pili, mwenye namba hiyo humjibu muulizaji peke yake: "Ni mimi, na anwani yangu ya MAC ni 00:00:5e:00:53:1a."

Tatu, kompyuta yako huandika jibu hilo kwenye jedwali, ili isiulize tena kwa kila pakiti.

Zingatia kitu kimoja ambacho somo zima limejengwa juu yake. Hakuna hatua ya kuhakiki. Sisi tunaosoma hadithi tumezoea kuuliza habari imepokewa kutoka kwa nani kabla ya kuikubali. ARP haiulizi isnadi. Akijibu ruta wa kweli, huandikwa. Akijibu kifaa kilichowekewa namba hiyo kimakosa, huandikwa. Akijibu mtu mwenye nia mbaya, naye huandikwa. Kwa hiyo uhakiki unabaki kuwa kazi yako wewe mwenye kompyuta.

3. Kusoma jedwali

Katika Windows, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, kisha andika:

arp -a

Katika Linux:

ip neigh

Katika macOS:

arp -an

Amri ya arp ipo pia katika Linux nyingi, lakini ni ya kifurushi cha zamani, na mifumo mingine mipya haiji nayo. Zoea ip neigh.

Kwenye Windows utaona mistari kama hii:

192.168.1.1      00-00-5e-00-53-1a   dynamic
192.168.1.50     00-00-5e-00-53-7c   dynamic
192.168.1.255    ff-ff-ff-ff-ff-ff   static
224.0.0.22       01-00-5e-00-00-16   static

Safu ya kwanza ni anwani ya IP, ya pili ni ya MAC, ya tatu ni namna mstari ulivyoingia. Neno dynamic lina maana kwamba kompyuta ilijifunza yenyewe kwa kuuliza. Neno static lina maana kwamba mstari umewekwa na haubadiliki kwa majibu ya mtandao.

Usiogope mstari unaoishia na 255 wala ile inayoanza na 224 au 239. Hiyo ni anwani ya matangazo na ya makundi, na mfumo huiweka wenyewe. Mstari wa kuutazama kwanza ni wa ruta. Kama hujui namba ya ruta, iulize kompyuta: Windows tumia ipconfig, Linux tumia ip route, macOS tumia route -n get default.

Katika Linux mstari hubeba pia neno la hali yake:

192.168.1.1 dev wlan0 lladdr 00:00:5e:00:53:1a REACHABLE

Maneno utakayokutana nayo ni haya:

REACHABLE: jirani amethibitika hivi karibuni kuwa yupo.
STALE: muda wa uthibitisho umepita. Anwani bado inatumika, lakini itahakikiwa ikihitajika.
DELAY na PROBE: kompyuta imeitumia anwani ya zamani, inasubiri kidogo, kisha inamuuliza jirani kama bado yupo.
INCOMPLETE: swali limeulizwa, jibu halijaja.
FAILED: swali limeulizwa mara kadhaa, hakuna aliyejibu.
PERMANENT: mstari umeandikwa kwa mkono.

Wengi hushtuka wakiona STALE. Si ugonjwa. Kwa kawaida uthibitisho wa jirani hudumu kati ya sekunde 15 na 45 tu, kwa Linux na pia kwa Windows za sasa, kwa hiyo mistari mingi utakayoikuta itakuwa imepitwa na muda huo. Neno la kukushughulisha ni FAILED au INCOMPLETE kwenye mstari wa ruta. Hapo ina maana kompyuta yako inaita na ruta haijibu. Kufuta jedwali hakutasaidia. Angalia kama umejiunga na Wi-Fi sahihi, kama uko mbali mno na ruta, au kama ruta yenyewe imezimika.

4. Kulinganisha

Jedwali peke yake halisemi lipi kweli na lipi uongo. Unahitaji kitu cha kulinganisha nalo. Kwa hiyo siku ambayo mtandao uko sawa, soma mstari wa ruta na uandike anwani yake ya MAC kwenye daftari lako. Kisha muulize msimamizi wa hosteli au wa maabara athibitishe. Kibandiko kilicho chini ya ruta husaidia pia, ila ruta moja huwa na kadi zaidi ya moja, kwa hiyo usishangae tarakimu za mwisho zikitofautiana kidogo na ulichokiona kwenye jedwali.

Siku ya shida, soma tena mstari huo huo na ulinganishe. Ikiwa anwani ni ile ile, ARP haina kosa na unatafuta tatizo mahali pengine. Ikiwa imebadilika, kuna sababu, na sababu za kawaida ni tatu: ruta imebadilishwa, kuna kifaa kingine kimepewa namba ile ile, au kuna anayejifanya ruta.

Ndiyo maana nasisitiza usome kabla ya kufuta. Ukifuta kwanza, umefuta na ushahidi.

5. Kufuta

Kufuta hakuharibu kitu. Kompyuta itauliza upya mara moja itakapohitaji. Ila unahitaji ruhusa ya msimamizi. Windows, fungua cmd kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua kuendesha kama msimamizi. Linux na macOS, tanguliza sudo.

Kufuta mstari mmoja:

Windows: arp -d 192.168.1.1
Linux: sudo ip neigh del 192.168.1.1 dev wlan0
macOS: sudo arp -d 192.168.1.1

Kufuta yote:

Windows: netsh interface ip delete arpcache
Linux: sudo ip neigh flush all
macOS: sudo arp -a -d

Mahali pa wlan0 weka jina la kadi yako, utakaloliona kwa amri ip link. Kumbuka pia kwamba katika Linux amri ya flush haigusi mistari ya PERMANENT. Hiyo uifute mmoja mmoja.

Baada ya kufuta, ita ruta kwa ping 192.168.1.1, kisha soma jedwali tena. Sasa una jibu jipya la kulinganisha na daftari lako.

Jambo moja husahauliwa sana: jedwali liko pande zote mbili. Ruta nayo ina jedwali lake, na ndani yake umo wewe. Baadhi ya vifaa hukaa na kumbukumbu muda mrefu. Ruta za Cisco, kwa mfano, huweka mstari kwa sekunde 14400, yaani saa 4, kama msimamizi hakubadilisha. Ukibadilisha kadi ya mtandao ukabaki na IP ile ile, ruta inaweza kuendelea kupeleka pakiti zako kwa kadi ya zamani. Katika Linux unaweza kujitangaza upya kwa majirani:

sudo arping -U -I wlan0 -c 3 192.168.1.23

Namba ya mwisho iwe ni IP yako mwenyewe, si ya mtu mwingine.

6. Wawili wenye namba moja

Tuchukue mfano wa hosteli yenye printa moja ya wote. Fundi aliipa printa namba 192.168.1.50 kwa mkono, lakini hakuitoa namba hiyo kwenye fungu ambalo ruta hugawia watu. Siku moja ruta inampa mwanafunzi aliyefika usiku namba 192.168.1.50. Kuanzia hapo printa inachapisha kwa baadhi ya watu na kwa wengine inakataa, kutegemea nani alijibu ARP ya nani kwanza. Watu wataanza kuilaumu printa, watabadilisha wino, watabadilisha waya, na tatizo litabaki pale pale.

Kwa kutumia ARP unaweza kulibaini kwa dakika moja. Kwenye Linux, sakinisha kifurushi cha iputils-arping, kisha:

sudo arping -b -I wlan0 -c 5 192.168.1.50

Alama ya -b huifanya itangaze kwa wote kila mara, badala ya kumfuata aliyejibu kwanza peke yake. Wakijibu wawili wenye anwani za MAC tofauti, umepata jibu: namba moja ina wenyewe wawili. Dawa haiko kwenye kompyuta yako. Mpe msimamizi anwani hizo mbili ili aitenge namba ya printa isigawiwe tena.

7. Kuandika kwa mkono

Unaweza kuiambia kompyuta: ruta ni huyu, na usimsikilize mwingine. Hii ndiyo static au PERMANENT.

Windows: netsh interface ipv4 add neighbors "Wi-Fi" 192.168.1.1 00-00-5e-00-53-1a
Linux: sudo ip neigh replace 192.168.1.1 lladdr 00:00:5e:00:53:1a dev wlan0 nud permanent
macOS: sudo arp -s 192.168.1.1 00:00:5e:00:53:1a

Kabla ya kuitumia, fahamu gharama yake. Katika Linux na macOS mstari huo hupotea ukizima kompyuta. Katika Windows, kwa amri hiyo ya netsh, hubaki hata baada ya kuwasha upya, isipokuwa umeongeza store=active mwishoni. Sasa fikiria umebeba kompyuta yako hadi maktaba, ambako ruta nayo inaitwa 192.168.1.1 lakini ni kifaa kingine. Kompyuta itashikilia anwani ya hosteli na hutapata mtandao kabisa. Hali ni hiyo hiyo siku hosteli itakapobadilisha ruta. Kuufuta Windows:

netsh interface ipv4 delete neighbors "Wi-Fi" 192.168.1.1

Kwa hiyo njia hii inafaa kwa kompyuta isiyohama, kama ile ya maabara au ya ofisi ya jumuiya. Kwa kompyuta ya begani, itumie kwa muda tu, ukiwa na sababu.

8. Anayejifanya ruta

Kwa kuwa ARP humwamini kila anayejibu, mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe anaweza kutuma majibu ya uongo: kwako aseme yeye ni ruta, na kwa ruta aseme yeye ni wewe. Pakiti zako zitapita kwake kwanza. Dalili ya kutazama kwenye jedwali ni anwani moja ya MAC kutokea kwenye mistari miwili, mmoja wa ruta na mwingine wa kifaa cha kawaida.

Usikimbilie kumtuhumu mtu. Kifaa kimoja kinaweza kihalali kuwa na IP mbili, na baadhi ya ruta hujibu kwa niaba ya vifaa vingine. Linganisha na daftari lako. Ikiwa MAC ya ruta si ile uliyoithibitisha na ruta haijabadilishwa, fanya haya:

Kwanza, nakili au piga picha jedwali.
Pili, jitoe kwenye Wi-Fi hiyo. Malipo na nenosiri yasubiri, au tumia data ya simu, ambayo haipiti kwenye mtandao huo wa hosteli.
Tatu, mpelekee msimamizi ulichokipata. Mitandao iliyosimamiwa vizuri ina swichi zinazokagua majibu ya ARP, na Wi-Fi inayozuia wateja kuzungumza wao kwa wao.

Kurasa za https hulinda yaliyomo hata kama kuna anayesikiliza katikati, ingawa anaweza bado kujua unatembelea tovuti zipi, au kukukatia mtandao kabisa. Ndiyo sababu kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze kuendelea.

Wapo wanaosoma haya na kutamani kujaribu kwa wenzao. Kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa hapa Uganda chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Na hata bila sheria hiyo, aliye kwenye Wi-Fi moja nawe ni jirani yako, na jirani ana haki ya kuaminiwa na kusalimika. Ukitaka kujifunza, tumia kompyuta zako mbili kwenye ruta yako.

9. Neno kuhusu IPv6

IPv6 haitumii ARP. Hutumia utaratibu mwingine wa kutafuta majirani, lakini usomaji wake ni ule ule. Linux andika ip -6 neigh, na Windows andika netsh interface ipv6 show neighbors. Katika macOS ni ndp -an. Ukiona anwani zinazoanza na fe80, hizo ni za ndani ya mtandao huo huo tu.

Maswali ya kujipima

1. Mstari wa ruta unasema STALE na mtandao unafanya kazi. Utafanya nini?
2. Mstari wa ruta unasema FAILED. Kwa nini kufuta jedwali hakutasaidia?
3. Umehamia chumba kingine chenye ruta nyingine na hupati mtandao, wenzako wanapata. Ni mstari wa aina gani utautafuta kwanza?
4. Arping imeleta majibu mawili yenye MAC tofauti kwa namba ya printa. Utampelekea nani, na utampa nini?

Yajibu na wenzako wa chumba, kisha leo hii, mtandao ukiwa mzima, soma mstari wa ruta yenu na uandike anwani yake kwenye karatasi mbandike ukutani. Siku ya shida hamtaanza na kubahatisha, insha Allah.